Nina nyumba yangu, nina watoto, sina furaha: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo. Zamani tulipanga Tandika, nyumba ya wapangaji sita na bomba moja uani. Tukajinyima, tukajenga huku Mbagala, mwaka jana tukahamia kwetu. Nilidhani nikiingia nyumba yangu nitatulia. Furaha yenyewe ilidumu kama miezi miwili. Sasa kila siku ni ileile: kuamka saa kumi na moja, kugombania gari, duka, foleni, kupika, kulala. Siumwi, hatugombani, na njaa hatulali, lakini sicheki kama zamani. Usiku nashika simu hadi saa sita, naona wenzangu wako Zanzibar, wengine wamenunua gari, nazidi kunyong'onyea. Mume wangu anasema nimekosa shukrani, nitubu. Je, ni kweli? Na mtu kama mimi anaipataje furaha ya kila siku? Mama wa Wawili, Mbagala.

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Naanza na hilo la toba, maana naona ndilo limekukaa moyoni kuliko mengine. Hapana, kukosa furaha si dhambi, wala si ushahidi kwamba umezikufuru neema za Mungu. Katika kazi hii ya ushauri nasaha nimewasikiliza watu wanaosali sala zote tano, na wengine wanaokesha kanisani kila Ijumaa, wanaoshukuru kwa dhati kabisa kwa walichopewa, na bado wakifumbua macho asubuhi wanaona siku imewaelemea. Mtu mwenye uzito moyoni akiambiwa hana shukrani, anachojifunza ni kunyamaza. Nakuomba usinyamaze. Mumeo naamini hakukusudia kukuumiza. Ameona mkewe amebadilika, hajui afanye nini, akashika neno lililokuwa karibu. Nitarudi kwake.

Lipo la kupima kwanza. Jiulize: katika wiki mbili zilizopita, je, karibu kila siku, na sehemu kubwa ya siku, umekuwa na huzuni, au hamu ya vitu ulivyovipenda imekata kabisa? Na je, kuna mengine yaliyofuatana na hayo: usingizi kukimbia au kupita kiasi, chakula kukushinda, mwili kuchoka bila kazi, akili kushindwa kutulia hata kwenye kuhesabu chenji, kujiona hufai, au kuwaza kwamba heri usingekuwepo? Kama mengi ya hayo unayo, huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Nenda kituo cha afya, waeleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi, waombe wakupeleke kwa mtu wa afya ya akili. Wazo la kujidhuru halisubiri kesho: mwambie mtu leo, na uende hospitali leo.

Hata kama hayo huna, pitia zahanati upimwe wingi wa damu. Mwanamke wa umri wako mwenye hedhi nzito, anayeshinda na chai na chapati hadi jioni, anaweza kuwa na upungufu wa damu, nao huwadanganya watu wengi. Wakimtazama wanaona uvivu au kununa, kumbe damu ni kidogo. Na usingizi je? Simu hadi saa sita, kuamka saa kumi na moja: hizo ni saa tano. Mtu mzima anahitaji saba au zaidi. Usingizi ukipungua kila siku kwa mwaka mzima, hakuna mafunzo ya furaha yatakayokaa.

Sasa tuje kwenye nyumba. Naona unajilaumu kwamba furaha yake iliisha upesi. Usijilaumu, binadamu ameumbwa kuzoea. Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 22 wa jimbo la Illinois walioshinda bahati nasibu, baadhi yao dola milioni moja. Waliwalinganisha na watu wa mitaa ileile ambao hawakushinda kitu. Washindi hawakuwazidi wenzao furaha kwa kiasi cha kutajwa. Lakini mimi lililonigusa ni jingine. Walipoulizwa raha wanayoipata kwenye mambo ya kawaida, kama kuongea na rafiki, kifungua kinywa, kichekesho, kusifiwa, washindi walisema wanapata raha ndogo kuliko wale wasioshinda. Jambo kubwa lilikuwa limeyafifisha yale madogo. Watu 22 ni wachache na utafiti mmoja haumalizi mjadala, ila anayewasikiliza watu kila siku analiona jambo hilohilo kwa aliyepata cheo, aliyefunga ndoa, aliyepata mtoto baada ya kumsubiri miaka.

Sisemi fedha si kitu. Anayejua kodi ya miezi sita inavyodaiwa hawezi kusema hivyo. Kule Rarieda, Kaunti ya Siaya nchini Kenya, familia maskini zilipewa fedha taslimu bila masharti na shirika la GiveDirectly, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopewa walikula vizuri zaidi na hata mioyo yao ikapata nafuu. Kwa hiyo kujenga kwenu hakukuwa kosa. Kumekuondolea hofu ya mwenye nyumba, na hilo ni jema kubwa. Ila hofu ikiondoka inaacha mahali patupu, na patupu hapajazwi na bati wala vigae.

Hebu turudi Tandika. Umeitaja kama kwa kupita, mstari mmoja tu, wapangaji sita na bomba moja uani, lakini nadhani jibu lako kubwa liko pale. Asubuhi ndoo zinapanga foleni. Mama wa chumba cha mbele anauliza mtoto ameamkaje, maana usiku alimsikia akikohoa. Jioni majiko ya mkaa yako koridoni, mmoja kaishiwa chumvi, anaomba, anapewa chumvi na habari za mtaa juu yake. Jumapili mmoja kakaa kwenye kigoda anasukwa, mwenzake nyuma yake ana kitana mkononi, na muda wote ule ni maneno na vicheko. Karaha zilikuwepo, nazijua: foleni ya choo, ugomvi wa kuchangia luku, siri isiyokaa hata siku mbili. Ndiyo maana mlijinyima mkaondoka. Sasa mna ukuta na geti. Ukuta umezuia wezi, na umemzuia pia mtu wa kuja kuomba chumvi.

Naona hukuwa ukiitafuta furaha kule. Ilikuwa inakukuta bombani, bila kuipanga, mara kumi kwa siku. Ulipohama ulibeba vitanda, makabati na watoto, ile haikubebeka. Hakuna aliyekwambia kwamba itabidi uitengeneze upya kwa mkono wako, kwa sababu wengi wetu hatujui kwamba tunayo hadi tuikose.

Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya vijana wa kiume waliokuwa wanafunzi wake, na utafiti huo ukaunganishwa na mwingine wa vijana wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Wamefuatiliwa hadi uzeeni, wengi wameshafariki, na siku hizi wanafuatiliwa watoto wao. Katika miaka yote hiyo, kinachojitokeza tena na tena ni kwamba waliokuwa na uhusiano wa karibu na watu, ndoa yenye amani, marafiki, majirani, ndio walioishi kwa furaha zaidi na kwa afya zaidi. Sisi pwani hatukuhitaji Harvard kutuambia hivyo, lakini nakutajia ili usidhani kwamba kumkumbuka jirani wa Tandika ni utoto. Ni hitaji, kama chakula.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuagiza ni watu, na lianze wiki hii. Usisubiri ujisikie. Hapo ndipo wengi tunapokwama: tunasema nikichangamka nitamtembelea fulani. Tangu miaka ya 1970 wanasaikolojia, akiwemo Mmarekani Peter Lewinsohn, wamekuwa wakiwatibu watu wenye sonona kwa njia iliyo kinyume cha hapo: kitendo kinatangulia, moyo unafuata nyuma yake. Mgonjwa anapanga kwenye ratiba mambo madogo yenye maana au raha kwake, anayafanya hata kama hataki, na taratibu moyo unaamka. Nimeitumia njia hii kwa miaka na naiamini.

Wazimbabwe wanajua zaidi namna ya kuifanya iwe yetu. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye mawazo mazito. Bibi hamwambii mtu atubu, wala hampi orodha ya ushauri. Anamwacha aseme yote yanayomlemea, wanachagua tatizo moja tu, wanalitafutia hatua moja inayowezekana kabla ya kukutana tena. Majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi hizo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tatizo moja, hatua moja: ndivyo nitakavyofanya na wewe.

Tatizo tulilolichagua ni ukuta. Hatua yenyewe hii hapa. Jumapili hii mpigie mmojawapo wa wale wa Tandika, yule mliyecheka naye zaidi, umwambie aje akusuke kwako, au uende wewe. Usitume ujumbe, piga, asikie sauti yako. Mpikie chochote kilichopo. Halafu huku Mbagala, nyumba ya kulia na ya kushoto, je, unawajua majina? Siku moja katikati ya wiki toka getini na sahani, iwe vitumbua, iwe maembe, bisha hodi. Huhitaji sababu. Ukiona aibu, mtume mtoto, na wewe umfuate nyuma. Jioni moja kwa wiki toa mkeka nje ya geti, kaa hapo unachambua mchele au mboga badala ya kukaa ndani. Watu hawasalimii ukuta, ila anayechambua mchele nje lazima asalimiwe.

Na lile gari la asubuhi. Mwaka 2014 watafiti wa Chicago waliwaomba abiria wa treni, baadhi wazungumze na asiyemfahamu aliyekaa karibu, baadhi wakae kimya peke yao. Abiria wengine walioombwa watabiri tu walisema ukimya ndio utakuwa mtamu zaidi. Ikawa kinyume: waliozungumza ndio waliosema safari yao ilikuwa nzuri zaidi. Sisi tuna bahati ya salamu ndefu, na bado siku hizi kila mtu ana waya masikioni kutoka Rangi Tatu mpaka mjini. Siku mbili kwa wiki vua hizo za masikioni. Msalimie aliyekaa pembeni, muulize habari za huko atokako. Akijibu kwa mkato, basi, umempa salamu yake.

La pili ni simu, na hapa nitakuwa mkali kidogo kama mama. Hao unaowaona Zanzibar wanakuonyesha jioni moja ya mwaka wao, wewe unailinganisha na Jumanne yako ya kuosha vyombo. Wale watafiti wa Siaya, katika uchambuzi wao wa mwaka 2015, waliona kwamba jirani alipopata fedha, aliyekosa aliyaona maisha yake kuwa duni kuliko mwanzo, ingawa hakuna alichopungukiwa, na hali hiyo ilififia kadiri muda ulivyokwenda. Kwako haipati nafasi ya kufifia, kwa sababu kila usiku unafungua mlango na kuwaingiza majirani mia mbili. Nunua saa ya mezani yenye mlio, pale Kariakoo hukosi, na simu ilale sebuleni kuanzia saa tatu. Wale ambao picha zao zinakuchoma, zima taarifa zao. Si ugomvi, wala hawatajua. Utapata usingizi, na utapata saa moja ya mumeo ambayo sasa hivi inaliwa na watu usiowaona.

Kuna utafiti mwingine nautumia sana. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha taarifa za watu wapatao 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, wakati wowote wa siku: unafanya nini sasa, unawaza nini, na unajisikiaje? Karibu nusu ya muda, asilimia 47 hivi, akili zao hazikuwa kwenye wanalolifanya. Na akili ilipokuwa kwingine, furaha ilikuwa chini, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Kwa hiyo siku kuwa ileile si lazima iwe adui yako. Tabu ni kwamba mwili uko dukani na wewe haupo.

Chukua chai ya saa nne. Mama lishe anakuletea kikombe na chapati mbili kwenye sahani iliyofunikwa. Nadhani unainywa umesimama, mkono mmoja kikombe, mwingine simu au unamkunjulia mteja kitenge, na ukiulizwa saa tano kama chai ilikuwa na tangawizi huna jibu. Jaribu hivi: simu droo, kaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, shika kikombe kwa mikono miwili. Vuta harufu kabla hujanywa. Chapati ichane kwa vidole, tazama ile ya moto inavyotoa mvuke kwenye tabaka za ndani, kula. Mwenzako ashike wateja kwa dakika kumi, nawe umshikie zake. Mawazo yatakuja, ya ada na ya vikoba. Yasalimie uyaache yapite, rudi kwenye kikombe. Nachagua chai kwa sababu tayari unayo. Sikuongezei kazi, naomba uwepo kwenye kitu unachokilipia kila siku.

Umenitajia kuishi kwa kujinyima, nami najua michango inavyotukamua: harusi, kitchen party, msiba, kikundi. Utasikia watu wakisema kutoa kunaleta furaha, na ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada waliwapa watu asubuhi dola 5 au 20. Walioambiwa wazitumie kwa mtu mwingine waliimaliza siku na furaha kuliko walioambiwa wajinunulie kitu, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Baadaye walilichunguza jambo hilo Uganda pia na wakaona mwelekeo uleule. Lakini mchango wenye kadi na kiwango kilichoandikwa ni deni, na deni halichangamshi mtu. Kinachochangamsha ni kile ulichokichagua mwenyewe na ukaona kilivyofika. Punguza kadi mbili mwaka huu, useme hapana kwa adabu, na sehemu ndogo ya fedha hiyo mnunulie mtoto wa mama lishe daftari. Umpe mkononi.

Nimeahidi kurudi kwa mumeo. Shukrani anayoisema ina kazi yake, ila anaishika upande wa makali. Katika utafiti wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003, watu walioandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, hadi mambo matano ya kushukuru, waliyaona maisha yao kuwa bora kuliko walioandika kero. Hakuna aliyewaamuru wasiwe na huzuni. Walikuwa wanatafuta, basi, na anayetafuta huona. Mfanye hivyo wote wawili. Siku moja ya wiki, watoto wakishalala, kila mmoja ataje mambo matatu yaliyomfurahisha wiki hiyo, na yawe ya kushikika: si "afya na uzima", bali "Jumatano ulivyonipokea mzigo getini". Na kabla ya hapo mwambie ukweli, kwa sauti ya kawaida, nje ya ugomvi: "Baba fulani, nyumba naipenda na kazi tuliyoifanya naiheshimu. Ila nimebaki peke yangu humu ndani, naikumbuka ile uani. Nisaidie Jumapili ukae na watoto mimi nitoke." Ombi lenye siku na saa mwanamume hulishika haraka kuliko malalamiko. Na muulize naye anakumbuka nini cha Tandika. Sitashangaa akikwambia anaukumbuka ule ubao wa bao pale kibarazani.

Nataka ujipime ili usitegemee kumbukumbu, maana mtu mwenye moyo mzito hukumbuka siku mbaya tu. Chukua daftari dogo. Kila usiku, kabla simu haijaenda sebuleni, ipe siku yako alama kutoka sifuri hadi kumi, na pembeni andika maneno machache: ulikuwa na nani, ulifanya nini, ulilala saa ngapi jana yake. Wiki mbili za mwanzo utaona kama unaigiza, utamsalimia mtu kwenye gari na moyo uko palepale. Endelea. Ukifikisha wiki nne, pitia kurasa zote, zungushia duara siku zilizopata alama za juu, usome zilikuwa na nini ndani yake. Hayo ndiyo ya kuongeza mwezi unaofuata, hata kama hayafanani na niliyokuagiza mimi. Alama zikibaki chini wiki zote nne, au zikizidi kushuka, hujafeli: chukua daftari hilohilo uende nalo kituo cha afya, umkabidhi daktari asome mwenyewe.